Mkaguzi Aliyewaita Watani

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Kokuberwa huijaza simu. Siyo kuichaji, kuijaza. Hutoka nayo uani kwake Bunju, simu ndogo nyeusi iliyopasuka kioo pembeni, akapiga picha za vitu visivyo na maana yoyote: ukuta, ndoo, kandambili zake, kamba ya kuanikia nguo, ukuta tena. Kisha hufungua kundi la ukoo na kupakua kila kilichotumwa usiku: video za harusi za Kamachumu, kwaya, mahubiri, na tangazo la dawa ya magoti ambalo shangazi yake hulirudia kila wiki. Huendelea hivyo mpaka simu ilalamike kwamba nafasi imekwisha. Hapo huiweka mezani na kumimina chai.

"Sasa imekuwa simu ya mtu," husema.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kampuni ikitengeneza aplikesheni ya simu, humpelekea Kokuberwa aikague kabla haijatolewa kwa watu. Yeye huangalia kama inafunguka haraka kwenye simu kama ile ya uani, kama inakula bando kupita kiasi, kama mtu asiyeijua ataelewa pa kubonyeza, na kama mtandao ukikatika katikati ya safari itamsubiri au itamtupa. Mwishoni hutoa ripoti, na mstari wa mwisho wa ripoti husema neno moja kati ya mawili: imefaulu, au haijafaulu. Mimi napanga chumba kwake, na tangu nimalize chuo ndiye ninayemwandikia ripoti hizo. Anasema akiandika mwenyewe zinatoka kama ugomvi.

Ugomvi haujamtupa mkono maisha yake yote. Baba yake, mwalimu Apolinari, alihamia Vingunguti kutoka Kagera akiwa na mabinti wanne na mpango wa kila mmoja. Wa Kokuberwa ulikuwa uuguzi. Fomu ilijazwa, ikasainiwa, ikawekwa kwenye bahasha, naye akakataa kuipeleka posta. Baba alimnyamazia mwezi mzima katika nyumba ya vyumba viwili, jambo ambalo si kazi ndogo. Mwishowe binti alisoma kompyuta, akaajiriwa na benki moja mjini, kwenye chumba cha watengenezaji programu ambamo mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Humo ndani, kila kukiwa na kikao, kuna mtu angemgeukia: "Koku, tufanyie chai basi." Alifanya, akafanya tena. Siku moja akatia chumvi badala ya sukari, akagawa vikombe vyote, akakaa kwenye kiti chake kusubiri. Wakanywa. Mmoja alikunja uso, akapiga funda la pili. Mwingine akasema, "Ahsante Koku, chai nzuri." Kikao kikaisha bila mtu kusema neno.

Hakuombwa tena chai. Lakini anapoisimulia habari ile hacheki anapofika hapo, kwa sababu wiki hiyo hiyo benki ilikuwa imewakusanya wateja ukumbini, ikawapa soda na fulana, ikawaonyesha aplikesheni mpya, na wateja wote wakasema ni nzuri sana, hongereni. Kokuberwa alikaa nyuma akiwatazama, akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wanakunywa chumvi.

Sie ndivyo tulivyo. Mgeni kaja na kitu chake, kavaa vizuri, kakusalimia, kakupa soda. Utamwambiaje usoni kwamba kitu chake hakifai? Utasema asante, utaenda nacho nyumbani, na hutakifungua tena. Kampuni itabaki inashangaa.

Alipotoka benki akaanza ukaguzi, dawa aliyoipata Kokuberwa ni watani. Ukimpa Mpare aplikesheni iliyotengenezwa na Mchaga, na ukamwambia ni ya nani, hutasikia "nzuri sana". Utasikia kila kasoro aliyoiona, na nyingine ambazo amezitafuta kwa makusudi ili apate la kusema. Mtani ana ruhusa ya kusema, na anayesemwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa hiyo kila kazi mpya ikija, kabla hajauliza chochote kuhusu programu yenyewe, Kokuberwa humuuliza bosi wa mradi: "Braza, kwenu wapi?" Wao hudhani anazoea mazungumzo tu.

Edgar Lushinge alijibu, "Magu, dada. Msukuma pyua."

Edgar alikuwa msimamizi wa mradi kwenye kampuni ya mzee Abuzar Bandali, mwenye visima na maboza ya maji yanayopeleka huduma kule ambako bomba halijafika. Kwa miaka mingi mtu wa Pugu au wa Bunju akiishiwa maji alipiga namba ya kampuni, akapokelewa na dada mmoja anayeitwa Bernadeta, na boza likaja. Sasa walikuwa wametengeneza aplikesheni, Boza Letu, ambayo ingefanya kazi hiyo bila Bernadeta. Tangazo lilikuwa limeshabandikwa kwenye maboza yenyewe: kuanzia tarehe moja mwezi ujao namba inafungwa, pakua Boza Letu. Kilichobaki ni ripoti ya mkaguzi. Ikisema imefaulu, namba inafungwa. Edgar alilieleza hilo kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha nyumba ambayo imebaki kupakwa rangi tu.

"Msukuma," Kokuberwa aliniambia tulipotoka. "Twende Pugu kwa Wazaramo."

Pugu anaishi Bi Mwantumu, mjane anayepika vitumbua na uji barazani kwake. Maji kwake ni mtaji. Pipa likikauka hakuna uji, na hakuna uji maana yake hakuna siku. Simu yake haikuhitaji kujazwa na mtu. Wajukuu walishaijaza. Tulimpa Boza Letu tukamwambia aagize maji, mimi nikishika kamera, Kokuberwa akikaa kimya na mikono mapajani kama anavyofanyaga siku zote, maana akigusa tu majaribio yameharibika.

Alishindwa. Alijaribu asubuhi akashindwa, tukarudi siku nyingine akashindwa tena. Tuliwapa na wengine, Vingunguti na huku kwetu Bunju. Wachache wenye simu kubwa walifika mpaka ramani, wengi walikwama palepale alipokwama yeye. Ila wengine walisema "labda mie ndiye sijui." Bi Mwantumu hakusema hivyo hata mara moja.

"Hii imetengenezwa na Msukuma?" aliiuliza kamera. "Nilijua. Inanisimamisha mlangoni inaniuliza jina, nikienda kulichukua jina nikirudi kashanisahau. Haya ni maji au ni mahari?"

Edgar aliitazama video hiyo ofisini, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaifunga kompyuta.

"Dada Koku, huu ni utani. Siyo utafiti."

"Basi njoo uufanye wewe huo utafiti," Kokuberwa alisema. "Pugu siyo mbali."

Akaja. Nitampa haki yake: wengine wasingekuja. Alitupakia kwenye gari la ofisi, akaliegesha mbele ya baraza, akashuka na kuinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Msukuma mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Na ng'ombe umewaacha wapi?"

"Wamo garini, mama. Wanaogopa kushuka, wamesikia Wazaramo wanakula kwanza halafu ndiyo wanauliza ni wa nani."

Bi Mwantumu alipiga kofi la kicheko. "Ee! Kumbe ulimi anao. Nilidhani michembe yao ya viazi imemziba koo. Karibu, mtani, kaa hapo. Gari zuri hilo. Hebu nione funguo zake zikoje."

Edgar alimpa funguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Bi Mwantumu akazitazama, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akalichomeka pindo kiunoni.

"Umekamatwa," alisema.

"Mama!"

"Mama nini? Mtani akikamatwa kwenu anafanyaje, analia? Hutoki Pugu leo mpaka uniitie boza. Kwa hiyo app yako, na kwa simu yangu hii hapa. Na huyo Mhaya wako nisimwone anakuonyesha kidole."

Kokuberwa aliinua mikono juu, kuonyesha hanyooshi chochote. Nikawasha kamera.

Edgar aliipokea simu akicheka bado. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Aliigeuza simu upande wa vilima vya msitu, kisha upande wa barabara, kisha akainuka kwenye benchi.

"Network ya hapa nayo..." alianza.

"Network ya hapa ndiyo ya hapa," Kokuberwa alisema.

Ikafunguka, ikaonyesha kwanza picha kubwa ya msichana anayecheka na glasi ya maji, ambayo ilishuka kipande kipande, nywele, macho, meno, ikila bando la Bi Mwantumu. Edgar akaandika namba ya simu. Programu ikamwambia ametumiwa tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe. Simu ikalia. Akatoka kwenye programu, akausoma ujumbe, akarudi. Msichana wa glasi alikuwa anashuka upya, nywele, macho, meno.

"Imeanza mwanzo," Edgar alisema taratibu.

"Si nilikwambia?" Bi Mwantumu alikuwa anageuza vitumbua bila kumtazama. "Nikirudi kashanisahau. Endelea tu, baba, mie nilikuwa hapo juzi."

Kokuberwa alikuwa ameniandikisha sababu siku ya kwanza. Simu ndogo iliyojaa haiwezi kushika mambo mawili kwa pamoja. Ukitoka kwenye programu kwenda kusoma ujumbe, simu inaifunga programu ili ipumue. Programu iliyotengenezwa vizuri huhifadhi ulipofikia. Boza Letu haikuhifadhi chochote. Simu ya Edgar ilikuwa kubwa na mpya, na za wenzake wote ofisini vilevile, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Sasa aliliona. Alirudia. Mara hii akajaribu kuzidaka tarakimu zinapopita juu ya kioo bila kutoka. Zikapita haraka, akadaka nusu. Alipoomba nyingine, programu ikamwambia amejaribu mara nyingi, asubiri. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Wateja wawili wa uji walikuwa wamesimama kando wakifuatilia kama mpira.

"Mbona ofisini inafanya?" alisema, zaidi kujiambia mwenyewe.

"Ofisini kuna bomba," alijibu Bi Mwantumu.

Edgar akatoa simu yake mwenyewe. Kokuberwa alitikisa kichwa, lakini mwenye funguo aliruhusu: "Mwache. Mtani kazidiwa." Kwenye simu ile programu ilifunguka kama mlango wa duka kubwa, tarakimu zikajiandika zenyewe, ikaja ramani. Alama nyekundu ya kuonyesha nyumba ikatua katikati ya msitu wa Pugu.

"Hapo ndipo kwangu?" Bi Mwantumu aliinama akatazama. "Nimekuwa nyani?"

Edgar aliisogeza alama kwa kidole, ikaruka upande wa pili wa reli. Akaisogeza tena. Akaiacha, akasema ataandika anwani. Programu ikadai jina la mtaa na namba ya nyumba.

"Andika nyuma ya kwa fundi cherehani, unateremka korongo," mmoja wa wateja wa uji alimsaidia.

Akaandika. Kisanduku kikageuka chekundu. Kilitaka namba.

Bi Mwantumu alijifuta mikono, akaichukua simu yake kutoka benchi, akapiga.

"Bernadeta? Mie Mwantumu. Ee, mwanangu. Palepale. Mwambie Didas asipite na boza kwa chini, pana tope. Haya."

Akakata. Akakaa.

Boza lilipofika, Edgar ndiye aliyeshika mpira wa maji na kuuelekeza kwenye pipa, suruali yake ya ofisini ikilowa. Alijikomboa kwa sukari na mche wa sabuni kutoka duka la jirani, akarudishiwa funguo, akapewa na vitumbua vya njiani. Waliagana kwa matusi mazuri sana.

Kicheko kilimalizika tulipoingia barabara ya lami.

"Dada Koku," Edgar alisema, macho mbele. "Nimeona. Sikatai. Ila ripoti niandikie imefaulu kwa masharti."

"Masharti gani?"

"Yoyote unayotaka wewe. Bodi inakaa Ijumaa. Nikienda na haijafaulu wanaivunja timu yangu. Nikienda na kwa masharti napata muda, toleo la pili linatoka baada ya mwezi mmoja, miwili, na hayo yote tumeyarekebisha."

"Na namba ya Bernadeta?"

"Hiyo tarehe moja inafungwa. Ilishatangazwa, iko mpaka kwenye maboza."

"Kwa hiyo mwezi mmoja, miwili, Bi Mwantumu anamwita nani?"

Edgar alibadilisha gia. "Kwa masharti maana yake..."

"Najua maana yake. Maana yake mnafunga namba."

Tulipita geti la reli. Edgar alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa imechoka. "Kuna app nyingine tatu za mzee mwaka huu. Zote nilishaweka jina lako. Sikutishi, dada, nakueleza ilivyo."

"Basi weka jina lingine," Kokuberwa alisema, akaendelea kutafuna kitumbua chake.

Usiku ule na kesho yake nzima tuliandika. Yaani mimi niliandika, yeye akafuta. Nilikuwa nimeandika kwamba baadhi ya watumiaji walikutana na changamoto katika hatua ya uthibitisho.

"Changamoto ni nini?" aliuliza.

Nikaliangalia neno lile kwenye kioo.

"Andika walishindwa. Baadhi ni akina nani? Andika wengi. Na hapa, inahitaji maboresho madogo. Nani kakwambia madogo? Umemwona Msukuma wa watu alivyolowa jasho, unaita madogo?" Alikuwa mkali, lakini alikuwa amenipikia ndizi, na alinisogezea sahani huku akifoka. Mstari wa mwisho aliuandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu: Haijafaulu.

Ijumaa tulikwenda Kinondoni. Ofisi ya Bandali ipo ghorofani, juu ya duka la pampu na mabomba, na mzee mwenyewe alikaa kichwani pa meza, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Walikuwapo wajumbe wengine ambao sikuyashika majina. Edgar alikaa karibu na dirisha. Nilibeba nakala za ripoti na sikujua niziweke wapi, mpaka Kokuberwa akanionyesha kwa jicho.

Mzee Bandali alisoma kurasa zote. Hakuharakisha. Alipofika mwisho alishusha miwani, akausoma tena ule mstari, akaipandisha.

"Binti yangu, mimi nachimba visima tangu kabla hujazaliwa. Kila kisima kina sharti lake. Hiki kina chumvi, hiki kina mchanga. Hatukifukii. Tunakitumia, huku tunakirekebisha. Kwa nini hii yangu isifaulu kwa masharti?"

Nilidhani hilo halina jibu. Lilikuwa limesemwa kwa upole, na mtu aliyejua analosema.

"Kisima chenye mchanga kinatoa maji, mzee," Kokuberwa alisema. "Hiki hakijatoa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine, kijana wa suti ya bluu, akasema bodi haikumwita mkaguzi aje kupanga biashara yake. Aandike masharti anayotaka, hata kurasa mia, hakuna anayemzuia. Wanachoomba ni mstari mmoja tu.

"Tubadilishane basi," Kokuberwa alisema. "Kurasa zote nawaachia. Futeni mnachotaka, hata jina la Pugu likiwaudhi litoeni. Mstari wa mwisho unabaki."

"Sista, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na wewe. Jina hujaniambia."

Mzee Bandali aliinua kiganja, na kijana wa suti ya bluu akarudi nyuma kwenye kiti. Chini dukani mtu alikuwa anakata bomba la chuma.

"Edgar," mzee alisema. "Wewe ulikwenda Pugu mwenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Maji yalifika?"

"Yalifika."

"Kwa app?"

Edgar aligeuza kalamu juu ya meza. Nilimwona akimtazama Kokuberwa, na Kokuberwa hakumtazama. Alikuwa amekaa vilevile anavyokaaga wakati wa majaribio, mikono mapajani, hasaidii.

"Kwenye simu yangu ilifika mpaka ramani," Edgar alisema. Kisha akaiacha kalamu. "Boza aliliita Bernadeta, mzee."

Mzee Bandali alikusanya kurasa za ripoti, akazigongagonga mezani mpaka zikalingana, akaziweka kando.

"Basi Bernadeta abaki kwenye simu yake," alisema. "Tangazo litolewe kwenye magari yote. Namba haifungwi mpaka nipate ripoti nyingine." Akamgeukia Kokuberwa. "Lakini hiyo nyingine haitakuwa yako, binti. Wala zile kazi tatu. Mimi nimefanya biashara na watu wagumu wengi, ila hata aliye mgumu kuliko wote alikuwa na mahali anaposogea. Wewe husogei."

"Sawa, mzee."

"Huna la kusema?"

"Nashukuru kwa Bernadeta."

Alisimama, akachukua mkoba wake, akaagana na mzee kwa heshima, na wajumbe kwa kichwa. Kijana wa suti ya bluu hakuitikia. Edgar aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kutusindikiza, kisha akakaa.

Tulishuka ngazi. Nje jua lilikuwa kali na vumbi la barabara linatimuliwa na bodaboda. Kokuberwa alisimama kwenye kivuli cha bango la duka la pampu akitafuta miwani yake ya jua ndani ya mkoba, akipekua mfuko uleule mara ya pili na ya tatu. Kazi tatu zilikuwa zimeondoka, na kodi ya chumba ninayomlipa hata haitoshi bando lake. Nilikuwa nimelifikiria jambo moja tangu kule garini na sikuwa nimethubutu kulisema.

"Dada Koku," nikasema, "kwa nini hukuandika tu kwa masharti, halafu namba ya Bernadeta ukaifanya ndiyo sharti la kwanza?"

Aliipata miwani. Akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa, akanitazama.

"Kwa sababu haijafaulu," alisema.